Umenivisha Viatu

Kihesa, mwezi wa sita. Baridi imekalia kiti changu
kabla sijakaa mimi.
Mezani miswada miwili ya kisa kimoja:
huu wa watu wazima, una tanbihi mia na tatu;
huu wa darasa la nne, una picha ya kuku.

Nimepata karatasi moja ya kambi ya Ifunda,
wino umekuwa kahawia kama ganda la kitunguu:
*Mayai thelathini na tisa. Muuzaji: mwenyeji, wa kike.*
Basi. Hilo ndilo jina alilopewa.
Hata kuku wake hana rangi.

Nilimkuta Bibi Semgovano akipukuchua mahindi.
Nikamsomea ule wa watoto, ukurasa kwa ukurasa,
kwa mbwembwe zote, sauti ya jogoo na ya mbwa.
Alisikiliza kama hakimu. Kisha akaweka kidole kwenye picha:
"Huyu nani?"
"Ni wewe, Bibi. Mwaka ule wa Wapolandi."
"Mbona umenivisha viatu?"

Si mimi, nikajitetea, ni mchoraji,
kijana wa mjini, kawaza umande, akakuonea huruma.
"Huruma," alisema, akapuliza pumba kiganjani.
"Umande ulikuwa unauma kama siafu.
Nikifika zizini kwa jirani namwamsha ng'ombe,
nasimama pale alipolala,
nyayo zikipata moto naendelea.
Andika hilo."

Nimeandika. Lakini kwenye mswada upi?

Kwa wakubwa nimeeleza vita, meli, kodi ya kichwa,
nani alilipwa, nani alichapwa kwa kuchelewesha kuni.
Pale ng'ombe alipolala sijapaweka;
niliogopa kuulizwa ushahidi.
Kwa watoto nimeandika hivi:

    *Mtoto kabeba yai,*
    *ndani ya kapu la chai,*
    *hasemi wala hadai,*
    *asubuhi ya Ifunda.*

    *Mgeni hajui neno,*
    *akaonyesha mkono,*
    *yakaonekana meno,*
    *na kicheko kikatanda.*

Vina vimekaa, nikajipongeza,
nikampelekea Twilumba wa nyumba ya pili,
jino la mbele limetoka, msomaji mkali.
Alipofika mwisho akageuza karatasi
kuona kama nyuma kuna zaidi.
"Na huyo mvulana, alirudi kwao?"

Nilidhani nimelificha vizuri.
Kaburi liko ukurasa wa themanini na nane wa wakubwa,
tanbihi ya sitini, herufi ndogo,
mahali ambapo hakuna mtu anayelia.
Bibi alilitaja jina mara moja tu,
*Yaneki*, kwa ulimi wake wa Kihehe,
na sijui kama ndivyo mama yake alivyomwita.
Aliniambia pia kwamba mayai yalikuwa arobaini.
Nikamwonyesha karatasi. Hakuisogelea.
"Hao walihesabu ya kapuni," alisema.
"La mfukoni mwa mtoto walilihesabu saa ngapi?"

Usiku huu nimefanya uhamisho.
Ng'ombe nimempeleka kwa wakubwa, hana ushahidi wowote,
ila pale alipolala bado pana joto.
Kaburi nimelipeleka darasa la nne:

    *Yaneki harudi, basi,*
    *homa ilikuja kasi,*
    *chini ya mikaratusi*
    *amelala Ifunda.*

Mhariri atahesabu kwa vidole, namjua,
ataandika pembeni kwa kalamu nyekundu:
mstari wa mwisho una mizani saba,
imepungua moja.

Iache ipungue.
Na mchoraji nitampigia kesho, mapema,
kabla umande haujakauka.